Kuhamisha SSD ya NVMe kutoka sekta za baiti 512 kwenda 4096 kwenye Linux

Kama umepata SSD mpya ya NVMe na bado hujaiwekea kitu, subiri kidogo kabla ya kusakinisha Linux. Diski nyingi za aina hii hutoka kiwandani zikijitambulisha kuwa na sekta (vipande vidogo kabisa ambavyo kompyuta husoma na kuandika kwenye diski) za baiti 512. Ukubwa huo umerithiwa kutoka enzi za diski za kuzunguka, na chipu zilizomo ndani ya SSD hazifanyi kazi kwa vipande vidogo kiasi hicho. Baadhi ya diski hukubali kuhamishiwa sekta za 4096. Kuhamisha kwenyewe ni amri moja, na mara nyingi huisha ndani ya sekunde chache, lakini amri hiyo hufuta kila kitu. Ndiyo maana mimi huifanya diski ikiwa bado tupu.

Faida yake usiitarajie kuwa kubwa. Mfumo wa faili kama ext4 kwa kawaida huandika kwa bloku za 4096 tayari, kwa hiyo kwa kazi za kila siku huenda usione tofauti yoyote. Mimi naijali kwa sababu ya LUKS, mfumo wa Linux wa kusimba diski ili isisomeke bila nywila: usimbaji hufanyika sekta kwa sekta, na sekta moja ya 4096 inachukua nafasi ya nane za 512, hivyo prosesa inapunguziwa kazi. Diski zangu zote nazifunga kwa LUKS, basi kwangu hiyo ni sababu tosha.

Anza kwa kuiuliza diski yenyewe. Sakinisha kifurushi cha nvme-cli, kisha:

sudo nvme list
sudo nvme id-ns -H /dev/nvme0n1

Amri ya kwanza inakuonyesha modeli na namba ya utambulisho ya kila diski. Ziandike mahali, hasa kama kompyuta ina diski mbili, kwa sababu nvme0 na nvme1 zinaweza kubadilishana majina ukiwasha upya. Amri ya pili hutoa maelezo marefu. Nenda moja kwa moja kwenye mistari ya mwisho, ambapo kila mstari ni ukubwa mmoja wa sekta ambao diski inaukubali:

LBA Format 0 : Metadata Size: 0 bytes - Data Size: 512 bytes - Relative Performance: 0x2 Good (in use)
LBA Format 1 : Metadata Size: 0 bytes - Data Size: 4096 bytes - Relative Performance: 0x1 Better

Hapa tulia, usome neno kwa neno. Namba iliyo baada ya neno Format ndiyo utakayoiandika baadaye kwenye --lbaf, na si lazima iwe 1. Kwenye diski za seva utakuta mistari mingi, mingine ikiwa na Metadata Size (baiti za ziada kwa kila sekta) ya 8 au 64. Hiyo haikufai kwa matumizi ya kawaida. Tafuta mstari wenye Data Size 4096 na Metadata 0. Relative Performance ni makadirio ya mtengenezaji mwenyewe: 0 ndiyo bora kabisa, 3 ndiyo hafifu. Amri ya mtu mwingine iliyoandikwa lbaf=1 ilikuwa sahihi kwa diski yake, kwa hiyo tafadhali usiinakili hivi hivi. Na ukikuta mstari mmoja tu wa 512, diski yako haina uwezo huo. Iache kama ilivyo, haina kasoro.

Kabla ya kuendelea, hakikisha kompyuta inawaka kwa UEFI (fimwea ya kisasa, yaani programu ya ndani inayowasha kompyuta), kwani BIOS ya zamani haiwezi kuwasha mfumo kutoka diski ya sekta za 4096. Kama kuna data, itoe yote kwenye diski nyingine, kisha ujaribu kufungua faili kadhaa za nakala hiyo. Washa kompyuta kwa flashi yenye Linux, hakikisha hakuna patisheni ya diski hiyo iliyofunguliwa wala swapu inayotumika, halafu:

sudo nvme format /dev/nvme0n1 --lbaf=1

Matoleo mapya ya nvme-cli hukuonya na kukupa sekunde 10 za kubonyeza Ctrl+C. Zitumie kusoma jina la diski mara ya mwisho. Ikienda vizuri utaona "Success formatting namespace:1". Ikikataliwa, huenda ni fimwea ya kompyuta inayoizuia. Kwenye baadhi ya mashine inatosha kuilaza kwa systemctl suspend, kuiamsha na kurudia amri. Kama diski imo kwenye kasha la USB, mara nyingi amri haitapita, basi ichomeke moja kwa moja kwenye tundu la M.2.

Sasa hakiki:

lsblk -o NAME,LOG-SEC,PHY-SEC

LOG-SEC isome 4096. Ikibaki 512, toa amri ya sudo nvme reset /dev/nvme0 au uwashe upya. Kwenye diski ya TB 1 iliyokuwa na sekta 1953525168, fdisk -l sasa itaonyesha 244190646, yaani ile ya kwanza gawanya kwa nane. Ukubwa wa diski ni ule ule. Usishtuke blockdev --getsz ikikupa namba ya zamani, maana yenyewe huhesabu kwa vipimo vya 512 siku zote.

Unapogawa patisheni, andika vipimo kwa MiB, usiandike kwa sekta. Mwanzo wa kawaida wa MiB 1 ulikuwa sekta ya 2048. Sasa ni ya 256. Kwa LUKS:

sudo cryptsetup luksFormat --type luks2 --sector-size 4096 /dev/nvme0n1p2

LUKS1 inajua 512 tu, kwa hiyo achana nayo.

Wengi hukwama kwenye kurudisha data. Picha ya diski nzima iliyochukuliwa kwa dd kabla ya mabadiliko haitafaa. Kichwa cha jedwali la GPT (orodha ya patisheni za diski) hukaa kwenye sekta ya 1, ambayo zamani ilianzia baiti ya 512 na sasa inaanzia baiti ya 4096, kwa hiyo kerneli italitafuta jedwali mahali ambapo halipo. Patisheni ya EFI nayo imeandikwa ndani yake ukubwa wa sekta, na mfumo wa faili wa XFS ulioundwa kwa sekta za 512 utakataa kufunguka. Unda patisheni na mifumo ya faili upya, kisha rudisha faili zenyewe kwa rsync -aHAX, ukiongeza --numeric-ids. Ukimaliza, weka UUID mpya (namba za utambulisho za patisheni na mifumo ya faili) kwenye /etc/fstab na /etc/crypttab, ingia kwenye mfumo uliorudishwa kwa chroot, unda upya initramfs (faili ndogo inayotumika mwanzoni mwa kuwasha Linux), na usakinishe tena kipakiaji cha kuwashia mfumo.