Skrubu ya ski ikiliwa kichwa

Juzi hapa Jinja tulitaka kusogeza kiatu cha ski ya majini, ule ubao wa kuteleza juu ya maji ukivutwa na boti, skrubu moja ya nyota ikawa imeliwa kichwa. Kata kipande cha tyubu ya baiskeli, ile nyembamba, kilaze juu ya kichwa, kandamiza bisibisi kwa uzito wa mwili, zungusha polepole. Mpira hujaza palipoliwa, bisibisi ikapata pa kung'ata. Ila kama skrubu ya chuma cha pua imeganda kwenye bamba la alumini, mpira utachanika tu. Hapo ichome kichwani kwa kile chuma cha fundi redio cha kuyeyushia risasi, iache ipoe, kisha jaribu tena kuifungua. Moto wa wazi usithubutu, utaharibu ski yenyewe. Ukiirudisha, paka grisi.