Kitanda cha kokoto na mafunjo: kusafisha majitaka ya jikoni na bafuni katika shule ya bweni

Shule ya bweni yenye watu 100 hutoa takriban lita 3,000 za majitaka kwa siku kutoka jikoni, bafuni na mahali pa kufulia, ukikadiria lita 30 kwa kila mtu. Mara nyingi maji hayo huachiwa mtaro uyapeleke bondeni, na bondeni ndiko kwenye chemchemi ambako majirani wanachota. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuyasafisha kwa mtego wa mafuta, tangi la kutuamia na kitanda cha kokoto kilichopandwa mafunjo, kisha kuyapeleka kwenye migomba bila kuharibu udongo. Maji ya choo hayaingii humu. Yana vijidudu vingi mno na vipimo vyote vilivyo hapa havikuhesabiwa kwa ajili yake.

Vitanda vingi vinavyokufa haviuawi na mimea. Vinauawa na mafuta, tope, na maji yanayopita upande mmoja tu. Kama fedha ni kidogo, zitumie kwanza kwenye mtego na tangi.

Mafunjo tunayachagua kwa sababu. Huko Uganda, kinamasi cha Nakivubo kimepokea majitaka ya Kampala kwa miongo mingi kabla hayajafika Ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, na ghuba hiyo ndiyo mitambo ya Ggaba inakochota maji ya kunywa ya jiji. Frank Kansiime na Maimuna Nalubega walikichunguza kinamasi hicho na kuchapisha matokeo mwaka 1999. Mafunjo yalifyonza naitrojeni na fosforasi zaidi kuliko nyasi ya Miscanthidium inayoota humo humo, na majitaka yaliifikia mizizi ya mafunjo kwa urahisi zaidi. Kinachofanya kazi, basi, ni maji kusambaa polepole na kugusa mizizi. Yakipata mkondo wa haraka, hata kinamasi kikubwa hakisaidii kitu.

Mahali pa kujenga

Tafuta mteremko ulio chini ya jiko na mabafu ili maji yashuke yenyewe. Bomba la PVC la inchi 4 literemke sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita. Kaa angalau mita 30 kutoka kisima au chemchemi yoyote, na usijenge juu ya chemchemi kwenye mteremko uleule. Chimba shimo la majaribio la mita 2 katikati ya mvua, mwezi wa Aprili au Novemba. Maji ya ardhini yakionekana humo, hamia juu zaidi.

Usichimbe kitanda ndani ya kinamasi chenyewe. Kanuni za Uganda za mwaka 2000 za kulinda vinamasi, kingo za mito na fukwe za maziwa zinataka mita 200 ziachwe kando ya Ziwa Victoria, mita 100 kando ya mito mikubwa iliyotajwa, na mita 30 kando ya mito mingine. Kabla ya kununua tofali la kwanza, zungumza na afisa wa mazingira wa wilaya.

Mtego wa mafuta

Maji ya jikoni pekee ndiyo yanayopitia hapa. Ya bafuni na ya kufulia yaende moja kwa moja kwenye tangi, kwani yakipitia kwenye mtego yatayasukuma mafuta nje.

Mtego unapaswa kuyashikilia maji kwa nusu saa wakati jiko linapotoa maji mengi kuliko wakati wowote. Lita 10 kwa dakika mara dakika 30 ni lita 300. Jenga kisanduku cha matofali kilichopigwa lipu ya simenti laini ndani, chenye urefu wa mita 1, upana wa sentimita 50 na kina cha maji cha sentimita 60. Weka ukuta mfupi wa kukigawa sehemu mbili, wenye nafasi ya kupitishia maji chini yake. Bomba la kuingilia na la kutokea yote yafungwe kiungo cha T. Mguu wa T ya kutokea ushuke hadi sentimita 40 chini ya uso wa maji, ili mafuta yanayoelea juu yasipate njia ya kutoka. Mfuniko uwe mwepesi kiasi cha mpishi mmoja kuweza kuuinua. Mfuniko mzito haufunguliwi, na mtego usiofunguliwa hujaa.

Kabla ya mtego weka wavu wa matundu ya milimita 5. Ukoko wa posho (ugali) ukwanguliwe kabla sufuria haijaloweshwa, upelekwe kwa nguruwe au kwenye mboji. Wanga wa posho na maharage ndio unaopandisha uchafu wa maji haya kuliko sabuni. Majivu ya kusugulia sufuria nayo yamwagwe pembeni, maana hutuama chini ya mtego na kuligeuza tope kuwa gumu kama sakafu.

Toa mafuta kila wiki. Yachanganye na maranda ya mbao, uyafukie kwenye mboji kwa tabaka jembamba. Usijaribu kuyayeyusha kwa maji ya moto, kwa sababu yataganda tena ndani ya kokoto, na huko hakuna mkono utakaoyafikia.

Tangi la kutuamia

Maji yote yakutane hapa na kukaa siku moja na zaidi kidogo. Kwa lita 3,000 kwa siku, ujazo wa mita za ujazo 4 unatosha: upana mita 1.2, kina cha maji mita 1.2, urefu mita 2.8. Ukuta wa ndani ukate tangi hivi kwamba chumba cha kwanza kichukue theluthi mbili. Weka T kwenye kila bomba, bomba la kutolea hewa, na mfuniko juu ya kila chumba.

Kila muhula pima tope. Funga kitambaa cheupe kwenye fito, uizamishe hadi chini, subiri dakika chache, kisha uitoe taratibu. Alama nyeusi inaonyesha unene wa tope. Likifika theluthi ya kina, ita gari la kunyonya. Kampala na vitongoji vyake magari haya humwaga Lubigi, kwenye mtambo uliofunguliwa mwaka 2014. Dereva asiyeweza kukuambia anakwenda kumwaga wapi, usimlipe.

Ukubwa wa kitanda

Uchafu unaooza hupimwa kwa BOD, yaani oksijeni ambayo bakteria huitumia kuumeng'enya kwa siku 5 kwenye nyuzi 20. Tuseme maji yanatoka kwenye tangi yakiwa na miligramu 200 kwa lita, nawe unataka 40. Hesabu ya kawaida ni hii: eneo ni maji ya siku kwa mita za ujazo, mara tofauti ya logi asilia (kitufe cha ln kwenye kikokotoo) za namba hizo mbili, gawanya kwa 0.15. Kwa mfano wetu ni 3 × 1.61 ÷ 0.15, sawa na mita za mraba 32.

Usijenge 32. Mita hizo zingepokea gramu 19 za BOD kwa kila mita ya mraba kwa siku, na kokoto ingeziba mapema. Jenga 45, mzigo ushuke hadi gramu 13. Umbo nalo lina uzito wake: upana mita 6, urefu mita 7.5. Wengi hupenda kitanda chembamba kirefu kwa sababu kinaonekana kama mfereji, lakini hapo uchafu wote huingilia kwenye uso mdogo na sehemu ya mwanzo huziba.

Kuchimba na kujaza

Chimba kina cha sentimita 70, sakafu ikiteremka sentimita 7 hadi 8 kutoka mwanzo hadi mwisho. Upande kwa upande iwe sawa kabisa. Tumia mpira wa maji wa fundi, usitegemee macho. Zungushia tuta la sentimita 20, na juu ya kitanda chimba mfereji wa kukinga maji ya mvua. Mvua moja kubwa ya Aprili inaweza kuleta matope ya kuua kitanda kizima.

Tandika mchanga sentimita 5, karatasi nzito ya plastiki ya mabwawa ya unene wa milimita 0.75 au zaidi, kisha mchanga tena. Mahali penye mfinyanzi mzuri unaweza kutumia tabaka mbili za sentimita 15, kila moja ikilowanishwa na kushindiliwa. Jaza maji sentimita 30 na uweke alama. Yakishuka zaidi ya sentimita moja kwa siku bila sababu ya jua kali, kuna tundu. Fanya jaribio hili kabla ya kokoto kuingia.

Kokoto kuu iwe ya milimita 8 hadi 16, kina sentimita 60, kiasi cha mita za ujazo 23 hadi 24. Nusu mita ya mwanzo na nusu mita ya mwisho jaza mawe ya milimita 40 hadi 80, jumla mita za ujazo 3.6. Kokoto ioshwe mpaka maji yatoke meupe. Iliyotokana na moramu (udongo mwekundu wa changarawe) uikatae: weka konzi moja kwenye chupa ya maji, tikisa dakika mbili, na maji yakiwa mekundu rudisha lori.

Bomba la kuingizia lilale juu ya mawe kwa upana wote wa mita 6, likiwa na matundu ya milimita 12 kila sentimita 15, na liwe sawa kwa pima maji. La kutolea lilale chini mwishoni, nalo lenye matundu, liingie kwenye chemba. Ndani ya chemba weka kiwiko kisichogundishwa chenye kipande cha bomba. Ukikiinamisha, maji ya kitandani hushuka, ukikisimamisha, hupanda. Kifaa hiki cha bei ndogo ndicho usukani wa mfumo wote. Kiweke ili maji yabaki sentimita 10 chini ya uso wa kokoto. Hapo mbu hawazaliani, harufu haitoki, na watoto hawayagusi.

Kupanda

Chukua vipande vya shina la chini la mafunjo vyenye machipukizi 2 au 3, kwa idhini, na uvitoe hapa na pale bila kufyeka sehemu moja. Kata mabua yabaki sentimita 25. Panda 4 kwa kila mita ya mraba, jumla 180, mizizi ikigusa maji. Wiki 6 za kwanza inua kiwiko ili maji yafike karibu na uso, ukianza na maji safi, kisha nusu kwa nusu, kisha majitaka yote. Anza muhula wa shule ukikaribia, si mwanzo wa likizo ndefu, maana mafunjo hunywa maji mengi na kitanda kikavu huyaua ndani ya wiki chache.

Vuna mabua yaliyokomaa kila miezi 6 na uyatoe kabisa. Yakiozea juu ya kokoto, virutubisho vilivyofyonzwa vinarudi majini.

Dalili za ubaya

Dimbwi likitokea mwanzoni mwa kitanda, kosa liko kwenye mtego au tangi. Safisha hivyo kwanza. Kisha toa mawe ya nusu mita ya mwanzo, yaoshe mbali na mtaro, yarudishe. Dimbwi upande mmoja maana yake bomba la kuingizia limeinama. Harufu ya mayai yaliyooza huja kwa uchafu kuzidi au tope kufika kitandani. Mafunjo yakikauka mwishoni tu, maji yako chini mno, inua kiwiko. Yakinyauka yote ghafla, uliza nani amemwaga dawa ya kung'arisha nguo, rangi au mafuta ya jenereta. Hivyo havina nafasi kwenye mfumo huu hata kidogo.

Maji yaliyotoka, na udongo wako

Kitanda kinachofanya kazi vizuri hupunguza bakteria wa kinyesi kwa asilimia 90 hadi 99. Inasikika nyingi, lakini maji ya bafuni yanaweza kuwa na laki moja au zaidi kwa mililita 100, kwa hiyo maelfu bado yamo. Usiyamwagie nyanya, karoti au kabichi ya kachumbari. Yapeleke chini ya migomba, kwenye vijifereji vilivyofunikwa na majani makavu, bila kurusha hewani.

Kwa lita 4 kwa mita ya mraba kwa siku wakati wa kiangazi, lita 3,000 zinataka mita za mraba 750, sawa na migomba 83 iliyopandwa mita 3 kwa 3. Gawa shamba sehemu 4 na uzungushe, ili kila sehemu ipumzike siku 3. Wakati wa mvua udongo umeshiba, basi uwe na mtaro wa kokoto wa kunyonyea maji pembeni.

Adui wa udongo hapa ni sodiamu ya sabuni, hasa ya unga. Hutawanya chembe za mfinyanzi, udongo hufunga uso, na maji hayaingii tena. Sabuni ya maji iliyotengenezwa kwa potasiamu ina madhara madogo zaidi. Pima chumvi kwa kipimo cha mkononi: chini ya mikrosimensi 700 kwa sentimita hakuna tatizo la chumvi kwa mimea mingi, juu ya 3,000 acha kumwagilia. Lakini kipimo hicho hakioni sodiamu peke yake. Kwa hiyo kila baada ya miezi 6 chukua vidonge vikavu vya udongo kutoka sehemu inayomwagiliwa na kutoka isiyomwagiliwa, viweke kwenye glasi mbili za maji ya mvua, usizitikise, tazama baada ya saa 2. Vidonge vya kumwagiliwa vikizungukwa na wingu la maziwa na vingine vikabaki wazi, sodiamu imeanza kazi. Pumzisha sehemu hiyo kwa msimu mzima wa mvua, tia jasi gramu 200 hadi 500 kwa mita ya mraba, na ubadilishe sabuni.

Mara mbili kwa mwaka peleka maji maabara, kwa mfano ya Shirika la Taifa la Maji na Majitaka iliyoko Bugolobi. Chota nusu lita kila saa 2, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni, kwenye kiwiko na vilevile kwenye maji yanayoingia kitandani, kila mahali na ndoo yake, ukiyahifadhi kwenye sanduku la barafu. Sampuli ya bakteria huchotwa mara moja tu, kwenye chupa iliyotakaswa na maabara, na ifike siku hiyohiyo. Viwango vya mwaka 1999 viliruhusu BOD ya miligramu 50 kwa lita na chembe zinazoelea miligramu 100. Kanuni ziliandikwa upya mwaka 2020, hivyo omba NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, jedwali la sasa na uliweke ukutani kwenye chumba cha mtunza bustani, pamoja na tarehe za kusafisha mtego.