Difu ya Ford Model T: anza na washa zake

Ukifungua difu (gia za ekseli ya nyuma zinazogawa nguvu kwa magurudumu) ya Ford Model T, gari lililoundwa 1908 hadi 1927, usikimbilie meno ya gia. Tazama kwanza washa (pete bapa) za babiti, aloi laini ya metali, zilizokaa kila upande wa difu. Hata zikionekana nzima, zitoe, weka za bronzi. Babiti ya zamani hupasuka na kumomonyoka. Washa zikiisha hivyo difu ikasogea pembeni, kraunwili, gia kubwa ya difu, huachana na pinioni, gia ndogo inayoizungusha, na breki ya mguu, ambayo hushika ndani ya giaboksi, haifiki tena kwenye magurudumu. Hapo ni maisha ya watu.

Ukishafunga, zungusha pinioni kwa mkono mzunguko mzima wa kraunwili: mchezo (nafasi kati ya meno) uwepo kidogo kote, pasiwe na mahali panapokaza. Na ekseli yenye mfereji beringi inapokaa, ibadilishe.