Kuomba kazi ya ufuatiliaji na taarifa za uchaguzi nje ya nchi ukiwa Kigoma

Kama mradi unaoufanyia kazi kwenye kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Nduta bado haujafungwa, usianze na kompyuta. Nenda leo kwa mtu wa rasilimali watu ukaombe barua yenye cheo chako, tarehe uliyoanza kazi, tarehe ya mkataba kwisha, muhuri na saini. Hatua nyingine zote zinavumilika. Hii ndiyo iliyonitafuna.

Kwanza tuelewane ni kazi gani. Afisa ufuatiliaji na taarifa kwenye mradi wa kusaidia uchaguzi si mwangalizi wa uchaguzi. Hatavaa kizibao na kusimama kituoni siku ya kura. Mara nyingi yuko ndani ya mradi wa UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, unaoisaidia tume ya uchaguzi ya nchi fulani, kwa ombi la nchi yenyewe au kwa azimio la Umoja wa Mataifa. Kazi yake ni viashiria: wameandikishwa wapiga kura wangapi, wanawake wangapi kati yao, mafunzo ya wasimamizi wa vituo yamefika wilaya zipi, fedha za mfuko wa pamoja wa wafadhili zimetumikaje. Kisha anaandika taarifa ya robo mwaka ambayo wafadhili wataisoma ukurasa wa kwanza tu. Ukishawahi kuhangaika na bango kitita (jedwali la malengo na viashiria) la mradi wa maji Kasulu, kazi yenyewe huioni ngeni.

Uangalizi una milango yake, na mingi si yetu. Umoja wa Ulaya huchukua waangalizi wake hasa kutoka nchi wanachama. SADC na Jumuiya ya Afrika Mashariki huletewa majina na serikali na taasisi, kwa ujumbe wa muda mfupi. Mlango ambao mtu wa Mwanga au Ujiji anaweza kuubisha mwenyewe ni ule wa UNV, mpango wa wanaojitolea wa Umoja wa Mataifa, ulioanzishwa 1970 na sasa una makao yake Bonn, Ujerumani.

Vigezo vya ngazi ya mtaalamu wa kimataifa: uwe na umri kuanzia miaka 27, uzoefu wa miaka 3 au zaidi, mara nyingi na shahada, na usiwe raia wa nchi unayokwenda. Hakuna mshahara. Kuna posho ya kujikimu, bima ya afya na likizo ya siku 2.5 kwa mwezi. Shangazi yako atasema unakwenda kufanya kazi bure, mwache.

Akaunti inafunguliwa app.unv.org, bila malipo. Hakuna ada ya fomu, ya usaili wala ya "kusukuma faili". Anayekuambia ana mtu wake Bonn, na anakuandikia kwa anwani ya Gmail, mpe pole na uondoke. Jaza usiku, mtandao ukiwa mwepesi, na majukumu yako yaandike kwanza pembeni, kwa sababu ukurasa ukigoma katikati hautakurudishia sentensi zako. Kama unatumia kompyuta ya steshenari, hakikisha umetoka kwenye akaunti kabla ya kuinuka. Vijana wa pale ni wema, ila ni wadadisi.

Majina. Sisi wenye majina ya ukoo yanayoanza na "Nt" tunajua yanayotupata: karani mmoja zamani aliona hiyo si herufi ya kuanzia jina, akaandika "Mt", na hivyo ndivyo kilivyo cheti cha kidato cha nne, wakati kitambulisho cha NIDA kimefuata cheti cha kuzaliwa. Panga vyeti vyote mezani uvisome herufi kwa herufi. Vikipishana, tafuta wakili akuandalie hati ya kiapo ya majina kabla hujaomba. Kwenye mfumo andika jina kama litakavyokuwa kwenye pasipoti.

Sasa uzoefu. Mfumo unataka mwezi na mwaka kwa kila kazi, na ukichaguliwa utatakiwa kuonyesha ushahidi, huku wadhamini wako wakiandikiwa moja kwa moja. Kwa mtu wa Dar aliyekaa benki moja miaka 8, hilo ni suala la simu moja. Kwa sisi wa miradi ya kambini ni habari nyingine. Mkataba ni wa miezi sita, unaongezwa, unakatika kusubiri fedha, unaongezwa tena. Halafu siku moja mradi unaisha, magari yanaoshwa na kurudishwa, viti vinagawiwa kwa mnada, na meneja aliyekusimamia yuko nchi nyingine kabisa na namba mpya.

Shirika nililofanyia kazi, silitaji, lilifunga ofisi ya Kigoma namna hiyo. Anwani za kazi zilizimwa, kwa hiyo barua pepe kwa msimamizi wangu ilirudi kama ilivyokwenda. Ofisi ya Dar ikaniambia kumbukumbu za wafanyakazi wa mradi zimehamishiwa makao makuu. Makao makuu, baada ya kimya kirefu, wakajibu kwa adabu kubwa kwamba mradi ukishafungwa namba yake inafutwa kwenye mfumo, na bila namba ya mradi hakuna afisa mwenye mamlaka ya kusaini barua inayouhusu. Yaani nilikuwa nimefanya kazi mahali ambapo, kwa mujibu wa kompyuta, hapajawahi kuwepo. Wakati tunaandikiana, nafasi niliyoiomba ikafungwa.

Kilichonitoa ni vitu vitatu. Cha kwanza, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 44, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Haitegemei huruma ya mtu, wala namba ya mradi. Kuitaja sheria kwa jina ndani ya barua hubadilisha sauti ya anayekujibu. Cha pili, taarifa ya michango ya NSSF: inaonyesha mwajiri na miezi aliyokuchangia, na miezi hiyo haibishaniwi na mtu. Cha tatu, mikataba na nyongeza zake zote. Niliviunganisha kuwa faili moja la PDF, kwa mpangilio wa tarehe, vikapokelewa vikisubiri cheti chenyewe.

Kwa hiyo wewe ambaye bado una kiti ofisini: chukua barua kila mkataba unapoongezwa, usingoje wa mwisho. Waombe wadhamini anwani zao binafsi na namba za WhatsApp pia, maana ile ya kazi itakufa pamoja na mradi. Na uwaambie mapema kwamba wataandikiwa. Mdhamini asiyetegemea ujumbe wa namna hiyo huudhania utapeli, akaufuta.

Kwenye majukumu, usiandike "nilishiriki katika ufuatiliaji". Andika ulifuatilia nini, kwa zana gani, kila baada ya muda gani, na taarifa ilikwenda kwa nani. Kama umewahi kukusanya takwimu kwa KoBoToolbox, itaje kwa jina. Kama uliwahi kuandikisha wapiga kura kwa mashine za BVR, zile za alama za vidole, hilo nalo liweke wazi. Ni uzoefu wa uchaguzi hata kama posho yake ilichelewa.

Lugha: nafasi nyingi za Afrika ya Kati na Magharibi zinataka Kifaransa cha kazi. Kile cha kupatana bei ya dagaa na Wakongo pale Kibirizi hakihesabiki. Ukijipa kiwango cha juu, jiandae kwa usaili unaohamia Kifaransa bila taarifa.

Mwaliko wa usaili ukifika, tazama saa kabla ya kushangilia. Saa 10:00 asubuhi kwa saa za Bonn wakati wa baridi ni saa sita mchana kwetu. Wakati wa kiangazi chao ni saa tano asubuhi. Chaji kila kitu usiku uliotangulia na uwe na bando kwenye laini mbili, kwa sababu umeme hauna habari na usaili wako. Ukipewa jaribio la maandishi, tarajia jedwali la takwimu na muda mfupi wa kuligeuza kuwa taarifa ya ukurasa mmoja. Anza na kilichobadilika na sababu yake, namba zifuate.

Jiandae pia na maswali ya kutoegemea upande. Kigoma ni mji wa siasa na wengi wetu tumewahi kupiga makofi mkutanoni, lakini picha yako na fulana ya chama kwenye Facebook itakuwa kazi kuieleza. Kuna swali la takwimu vilevile: utafanya nini ukiona matokeo ambayo tume haijayatangaza? Jibu ni kwamba matokeo hutangazwa na tume. Taarifa yako haiitangulii, hata kama balozi wa nchi inayotoa fedha anakupigia simu.

Pasipoti ishughulikie sasa, kabla ya ofa. Fomu inajazwa mtandaoni, unapata namba ya malipo, ada ya pasipoti ya kawaida ni sh. 150,000 kwa jumla, kisha unapeleka fomu na viambatisho ofisi ya Uhamiaji: cheti chako cha kuzaliwa, cha mzazi au kiapo badala yake, na NIDA. Sisi wa mpakani tuna swali letu la ziada, babu alizaliwa wapi. Muulize mzee wa ukoo kabla hujafika dirishani, uandike kijiji, kata na wilaya. Kukasirika hakuharakishi foleni.

Ofa ikija kuna mafunzo ya usalama ya BSAFE, yanafanyika mtandaoni, nayo si magumu. Mwisho ni chanjo ya homa ya manjano. Huhesabika kuanzia siku ya 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo usiiache hadi wiki ya safari. Kama una kadi ya zamani iliyoandikwa kwamba inaisha baada ya miaka 10, usiitupe: tangu Julai 2016 kanuni za afya za kimataifa zinaitambua kuwa ya maisha. Ukiambiwa uchanje tena ulipie upya, omba kwa upole mhudumu akamuulize mkubwa wake.