Somo: Kufungua baiskeli kuukuu ya milimani au BMX bila kuumiza fremu

Fremu ya chuma iliyokaa ghalani kwa miaka 30 mara nyingi bado ni nzima, hata kama rangi yake imefifia na mnyororo umeshikamana kwa kutu. Kinachoimaliza ni siku ya kufunguliwa, pale fundi mwenye haraka anapoongeza urefu wa spana badala ya kujiuliza kwanza kifaa kile kimefungwa kwa namna gani na kinafunguka kwa kuzungushwa upande upi. Somo hili linahusu kazi hiyo ya kufungua, kwa baiskeli za milimani za miaka ya 1980 na 1990 na kwa BMX, yaani baiskeli ndogo imara za mbio za udongo na michezo, za kizazi hicho hicho. Kupaka rangi si sehemu ya somo, na kwa maoni yangu rangi ya kiwandani iliyochakaa ina thamani kuliko rangi mpya inayong'aa, kwa kuwa ile ya kwanza haiwezi kurudishwa ikishachubuliwa.

Hatua ya kwanza: kagua kabla ya kushika spana

Ining'inize baiskeli mahali penye mwanga, kisha upitishe kidole chini ya bomba la chini, karibu na pale linapoungana na bomba la usukani. Ukihisi mkunjo au uvimbe mdogo, au ukiona rangi imepasuka kwa mstari wa kukatiza bomba, baiskeli hiyo iliwahi kugonga kitu kwa mbele, na fremu yake ni ya kutundikwa ukutani, si ya kupanda. Angalia pia eneo la bana ya kiti na zile pembe zinazoshika gurudumu la nyuma, kwa kuwa nyufa hupenda kuanzia hapo. Kwenye mikono ya kranki (ile inayoshika pedali) ya alumini, chunguza kwa makini tundu la pedali. Ufa wa hapo huwa mwembamba kama unywele, na mara nyingi huonekana tu baada ya uchafu kufutwa kwa kitambaa chenye mafuta.

Piga picha za kila upande, hasa njia za waya za breki na za gia. Baiskeli kadhaa za katikati ya miaka ya 1980 zilifungwa breki ya nyuma chini ya fremu, jirani na kranki, na mtu asiyeizoea hupata taabu kukumbuka waya ulipita wapi.

Hatua ya pili: pedali na kranki

Pedali ya kulia hufunguka kinyume cha mwendo wa mishale ya saa kama bolti ya kawaida, ila ya kushoto hufunguka kwa kufuata mishale ya saa. Hili wengi wanalijua. Kisichojulikana sana ni kwamba kranki yenyewe ina tabia yake, na tabia hiyo hutofautiana kulingana na aina.

BMX nyingi za zamani zina kranki ya kipande kimoja, yaani chuma kimoja kilichopindwa kikapita ndani ya fremu kutoka mkono hadi mkono. Ondoa pedali ya kushoto, kisha nati kubwa iliyo upande huo huo wa kushoto, ambayo hesi zake ni za kushoto, kwa hiyo inafunguka kwa kufuata mishale ya saa. Nyuma yake utakuta washa na koni, yaani kipande kinachobana gololi za beringi, nayo koni ni ya hesi za kushoto vilevile. Baada ya hapo toa beringi ya kushoto, uichezeshe kranki taratibu na kuipindisha hadi itoke yote kwa upande wa kulia. Pedali za kranki hizi zina hesi za inchi 1/2, ilhali za kranki ya vipande vitatu ni za inchi 9/16, kwa hiyo usinunue pedali kabla ya kupima.

Baiskeli ya milimani huwa na mikono miwili ya alumini iliyokaa juu ya ekseli yenye ncha za mraba, na mikono hiyo huhitaji kivuta kranki. Fungua bolti ya katikati, kisha chungulia ndani ya tundu kwa tochi. Mara nyingi washa hubaki ndani, imefunikwa na grisi nyeusi, haionekani wala haigusiki kwa urahisi. Ukifunga kivuta huku washa ikiwa mle ndani, kifaa kitaisukuma washa badala ya ekseli, na hesi za kwenye mkono, ambazo ni za alumini laini, zitang'oka zote kwa mzunguko mmoja. Itoe washa kwa sumaku au kwa bisibisi nyembamba, safisha hesi kwa mswaki, kisha uingize kivuta kwa mkono mtupu hadi kifike mwisho. Hapo ndipo spana inapoanza kutumika.

Vikombe vya beringi vya fremu nyingi za milimani vina hesi za kipimo cha Kiingereza, ambapo kikombe cha kulia ni cha hesi za kushoto, hivyo kinafunguka kwa kufuata mishale ya saa. Kingo zake za kushikia ni nyembamba na spana huteleza. Njia salama ni kukibana kikombe chenyewe kwenye jiliwa, fremu ikiwa imelala juu yake, kisha kuizungusha fremu nzima kwa kufuata mishale ya saa ukiitazama kutoka juu. Urefu wa fremu unakuwa mpini wako, na kikombe hakina pa kuteleza.

Hatua ya tatu: nguzo ya kiti iliyoganda

Hapa ndipo uvumilivu unapopimwa. Nguzo ya alumini ndani ya fremu ya chuma, ikipata unyevu na chumvi ya jasho, huota unga mweupe ambao huchukua nafasi kubwa kuliko alumini yenyewe, nao hujikaza kati ya metali hizo mbili hadi nguzo isisogee hata kidogo. Kwenye BMX ambako nguzo ni ya chuma pia, adui ni kutu ya kawaida, na kazi huwa nyepesi zaidi.

Legeza na uondoe kabisa bolti ya bana ya kiti. Mimina mafuta ya kupenya pale nguzo inapoingilia, kisha geuza fremu juu chini na umimine mengine kupitia tundu la kranki, maana sasa tundu hilo liko wazi. Hii ndiyo sababu nimetanguliza kranki. Acha fremu usiku kucha, urudie kesho yake, na usione haya kurudia kwa wiki nzima.

Unapojaribu, zungusha, usivute. Funga kiti cha zamani usichokijali ukitumie kama mpini, au bana kichwa cha nguzo kwenye jiliwa na uzungushe fremu kushoto na kulia kwa mwendo mfupi. Ukisikia mlio mkali wa kukwaruza, furahi, kwa sababu unga umeanza kuvunjika. Ongeza mafuta na uendelee kuzungusha huku ukivuta kidogo kidogo.

Ikigoma, tumia tofauti ya metali. Alumini hutanuka kwa joto takriban maradufu ya chuma, na ikipozwa husinyaa kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo kupoza nguzo kwa barafu iliyosagwa, ukiijaza ndani yake, kunasaidia kuliko kupasha moto, ingawa kupasha na kupoza kwa zamu pia hulegeza kile kilichoshikana. Moto wa wazi utaunguza rangi na stika, na mafuta ya kupenya yanawaka. Maji ya moto yanatosha kwa jaribio la kwanza.

Njia ya mwisho ni msumeno. Kata nguzo ukiacha kipande kifupi juu ya fremu, ingiza bledi ya msumeno wa chuma ndani, na uchane nguzo kwa urefu kutoka ndani kwenda nje, ukisimama kila baada ya dakika chache kupima kina kwa ukucha. Alumini hukatika laini na hutoa unga mng'avu. Ukiona unga umebadilika rangi na bledi imeanza kugoma, umegusa chuma cha fremu. Ukishapata mchano mmoja kamili, ukunje ukingo wake kwa koleo kuelekea ndani, na nguzo itajikunja na kutoka. Ni kazi ya saa nyingi na inachosha mikono, ila fremu hubaki salama.

Hatua ya nne: gololi na grisi

Osha vikombe na koni kwa mafuta ya taa, zikauke, kisha uburute ncha ya kalamu ya wino kwenye njia ya gololi. Ncha ikikwama penye vishimo, kifaa hicho kimekwisha, na grisi mpya haitakiponya. Gololi zenyewe zibadilishe zote. Kwa ekseli ya kranki, kipimo cha kawaida ni gololi 11 za inchi 1/4 kila upande, zikiwa hazijafungwa kwenye kizimba. Habu ya nyuma, yaani kitovu cha gurudumu, huwa na 9 za inchi 1/4 kila upande, na habu ya mbele 10 za inchi 3/16. Usichanganye gololi za zamani na mpya, kwa kuwa zile mpya zitabeba mzigo wote. Grisi iwe ya kutosha kuzifunika. Wapanda baiskeli walioshindana kuteremka mlima huko Marin, California, katika mbio za Repack zilizoanza mwaka 1976, walilazimika kujaza grisi upya kwenye habu za breki za kanyagio (zinazofunga kwa kukanyaga pedali kinyumenyume) baada ya mteremko, maana joto liliiunguza. Baiskeli yako haitapata mateso hayo, hivyo grisi ya kawaida ya lithiamu inafaa kabisa.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, shikamoo. Nimekaza koni za habu ya nyuma hadi mchezo wote (kule kulegea) ukaisha, lakini nikifunga gurudumu kwenye fremu kwa wenzo wa kufunga haraka, linazunguka kwa uzito. Nimekosea wapi?

Jibu: Marahaba. Wenzo ule unapofungwa hubana ekseli na kuifupisha kidogo sana, nao ufupisho huo hukaza koni. Acha mchezo mdogo unaohisika gurudumu likiwa mkononi, kisha ulifunge kwenye fremu na ulitikise rimu kushoto na kulia. Mchezo unatakiwa uwe umetoweka. Kama upo bado, kaza koni kwa robo ya robo mzunguko, si zaidi.

Swali: Nyuma ya mkono wa kranki yangu ya Shimano pana herufi NH. Je, ni aina ya kifaa?

Jibu: Ni tarehe ya kutengenezwa. Herufi ya kwanza ni mwaka, kuanzia A kwa 1976, na ya pili ni mwezi, kuanzia A kwa Januari. N ni 1989 na H ni Agosti. Mzunguko wa miaka ulifika Z mwaka 2001 ukaanza upya, kwa hiyo herufi moja inaweza kuwa na miaka miwili, ila muundo wa kifaa utakuonyesha ni upi. Kumbuka kwamba hiyo ni tarehe ya kranki, si ya baiskeli. Soma herufi za breki, habu na vibadilisha gia pia; zikikaribiana zote, una baiskeli ambayo haijabadilishwa vifaa, na hilo ni jambo la kufurahisha kwa mkusanyaji.

Swali: Kibadilisha gia changu cha kubonyeza kwa kidole gumba hakishiki kabisa. Nabonyeza, kinaenda na kurudi bila mlio. Nikitupe?

Jibu: Usikitupe, na wala usikifungue chote, maana springi zake huruka na hazirudishiki kirahisi. Ndani mna vijino vidogo vinavyosukumwa na springi, na grisi ya kiwandani ikishazeeka hugeuka gundi ikavizuia visirudi mahali pake. Ondoa kifuniko cha nje tu, pulizia kisafishio cha grisi kupitia matundu, bonyeza mara nyingi, acha uchafu udondoke, urudie hadi usikie mlio. Kikishakauka, tia mafuta mepesi, si grisi. Vingi hupona.

Swali: Kromu ya foki (uma unaoshika gurudumu la mbele) ya BMX yangu ina madoa ya kutu. Nitumie msasa?

Jibu: Hapana, msasa utakwaruza kromu na kutu itaingia kwa wingi zaidi. Kunja karatasi ya alumini ya jikoni, ichovye kwenye maji, usugue polepole. Kutu itatoka ikiwa uji wa kahawia. Vishimo vitabaki, kwa sababu kromu ya hapo imeshaondoka. Vikaushe na uvipake nta.

Swali: Nimesikia kwamba soda kali ya kuzibulia mabomba huyeyusha nguzo iliyoganda. Mbona hukuitaja?

Jibu: Ni kweli kwamba huila alumini na kukiacha chuma. Vilevile huila rangi, ngozi na macho, na inapoila alumini hutoa gesi ya haidrojeni ambayo huwaka, na mchanganyiko hupata moto mkali. Kwenye fremu ya alumini ni kuimaliza fremu yenyewe. Msumeno ni wa polepole lakini hauna hatari hizo, ndiyo maana nimeuchagua.

Swali: Nimepata shingo ya usukani ya baiskeli nyingine, inaingia kwenye foki ya baiskeli yangu ya milimani lakini inacheza kidogo. Nikikaza sana inashika. Inafaa?

Jibu: Ndugu, usiipande hivyo. Shingo za BMX nyingi za zamani zina kipenyo cha milimita 21.1, na foki ya inchi 1 ya baiskeli ya milimani hutaka 22.2. Tofauti hiyo ndogo inatosha kufanya usukani uzunguke peke yake unapofunga breki kwenye mteremko, na ukikaza kupita kiasi utavimbisha bomba la foki. Pima kwa kaliperi kabla ya kununua. Vivyo hivyo kwa nguzo za kiti, ambazo hutofautiana kwa milimita 0.2 tu: ya 26.8 kwenye fremu ya 27.2 itaingia vizuri na itakazika, huku ikipinda masikio ya bana taratibu.