Kabla hujaanika mwani, tazama kimbunga kilipo

Nyie mnaoanika mwani Paje na Jambiani, mwezi wa Machi msitazame mawingu ya hapa tu. Fungueni ramani ya upepo muone kama kuna kimbunga baina ya Msumbiji na Madagaska. Kikiwepo, mara nyingi huvuta unyevu kwenda kwake na masika huchelewa. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira, Msumbiji, Machi 2019, mvua za Afrika Mashariki zilisuasua. Hapo anika. Ila kikipanda kaskazini mambo hugeuka: Hidaya ilifika pwani yetu Mei 2024, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwishatoa tahadhari. Ile alama ya wingu kwenye utabiri wa simu mimi siitegemei sana. Na usiku funika, mvua ya masika hupenda alfajiri.