Kumwaga mfumo wa maji ya ziwa kabla ya baridi ya kugandisha

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na pampu inayovuta maji ziwani hadi nyumbani hupasuka hata kama ni ya chuma. Kinachopasua mara nyingi ni kile kikombe kimoja cha maji kilichojificha mahali ambapo hakuna aliyefungua.

Anza na umeme. Zima pampu na hita ya maji kwenye sakiti breka. Hita ikiwaka bila maji, koili yake inaungua. Fungua koki zote za nyumba, geji ya presha ikisoma 0 mwaga hita na tangi la presha.

Bomba la kuvuta maji kutoka ziwani ndilo linalosahaulika. Mwisho wake ziwani kuna valvu yenye chujio, inayozuia maji yasirudi. Kwa hiyo hata ukifungua kila koki ndani, bomba hilo hubaki limejaa. Fungua yunioni (kiungo cha bomba kinachofunguka kwa kuzungusha) iliyo karibu na pampu, livute lote nchi kavu, kisha sukuma kilimi cha valvu kwa kidole hadi maji yaishe. Ukiliacha kwenye ukingo wa maji, barafu ikisogea italikokota au kulikata. Kama pampu yako ni ya kuzamishwa majini, nayo itoe.

Kwenye pampu fungua kizibo cha chini pamoja na cha juu cha kujazia; hewa isipoingia juu, maji hayatoki yote. Fungua pia kijibomba chembamba cha swichi ya presha: maji yake ni matone tu, lakini yakiganda huharibu swichi. Vizibo vitie kwenye kifuko na ukifunge kwenye waya wa pampu, maana hupotea. Kikombe cha kichujio kifungue, ukimwage.

Koki za mpini, zinazofungwa kwa robo mzunguko, ziache nusu wazi. Zikifungwa kabisa, maji hunaswa ndani ya tufe lenye tundu lililo ndani ya koki.

Kama una kompresa ya hewa, tenga hita kwanza, usizidishe psi 40 (psi ni kipimo cha presha), na fungua koki moja moja kuanzia ya mbali hadi itoke hewa tupu. Hewa haiondoi maji kwenye mabomba yaliyopinda chini ya masinki. Humo mimina kama nusu lita ya propileni glikoli, dawa ya kuzuia kuganda. Chooni ongeza zaidi. Usitumie dawa ya redieta ya gari, nyingi ni ethileni glikoli, ambayo ni sumu.

Tangi likiwa tupu, pima hewa yake: iwe psi 2 chini ya presha ya kuwashia pampu, yaani 28 kwa swichi ya 30/50, inayowasha pampu kwenye psi 30 na kuizima kwenye 50. Valvu ya hewa ya tangi ikitoa maji badala ya hewa, mpira wa ndani umetoboka. Agiza mwingine sasa.